Baiskeli Iliyopinduliwa Haina Mlima

Mmecheka niliposema baiskeli iliyopinduliwa haina mlima. Haya, tulieni niwaeleze ilikotoka, maana aliyeisema mara ya kwanza hakuwa akicheka.

Nkwabi alikuwa akibeba sanduku la chanjo kutoka barabara kuu hadi zahanati ya kijijini kwao, mwendo wa saa tatu mchangani. Barafu ya sandukuni haimngoji mtu. Ikiyeyuka, chanjo imeharibika.

Mnyororo wa baiskeli ulipoanza kulia, akatafuta mafuta. Muuza vipuri akamsifia oili nzito ya gari. Kalunde, mke wa Nkwabi na binti wa mrina asali, akamletea nta ya nyuki iliyoyeyushwa, kama baba yake alivyopaka mnyororo wa baiskeli yake miaka yote. Nkwabi alipenda ushahidi. Akaipindua baiskeli barazani pa duka, akaisukuma pedali kinyumenyume, watu wakahesabu. Kwa oili ilizunguka mara tisa. Kwa nta mara tano tu, tena kwa kusuasua.

"Mwenyewe umeona," alisema Nkwabi.

"Nimeona pedali ikizunguka kivulini," Kalunde alijibu. "Mchanga uko wapi? Na mzigo je?"

Baraza zima likaangua kicheko, na Nkwabi naye akacheka.

Siku ya kliniki aliondoka na oili yake. Kufika mlima wa Isanga, mchanga ulikuwa umenasa kwenye oili mpaka mnyororo umekuwa uji mweusi. Ukawa mgumu, ukaruka meno, mwisho ukakatika. Akakokota baiskeli juani hadi saa nane. Muuguzi alifungua sanduku, akakuta maji.

"Kina mama, rudini mwezi ujao," akasema. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. Kwenye benchi la mwisho alikaa Kalunde, mtoto wao Sida mgongoni.

Nkwabi aliona haya, hata kumtazama mkewe akashindwa. "Mama Sida, nilipima. Watu wote walihesabu."

"Ulipima, baba Sida. Ila baiskeli iliyopinduliwa haina mlima."

Kina mama waliisikia, wakaenda nayo makwao. Mwezi uliofuata Nkwabi alipaka nta mnyororo mpya, akafunga mawe yenye uzito wa sanduku, akapanda Isanga mara mbili kabla ya siku yenyewe. Sida akachanjwa, akalia mpaka akalala.

Basi mtu akikusifia kitu alichokijaribu kivulini, usimbishie. Muulize kimepanda wapi, na kikiwa na mzigo gani. Akinyamaza, mkumbushe: baiskeli iliyopinduliwa haina mlima.