Kigingi Chenye Mhuri wa Sultani

Hapo zamani, magari yalipokuwa yakivutwa na punda, alikuwako katika mji wa Mwambale fundi fukara wa magari jina lake Mbwarahaji, mwepesi wa ulimi na mzito wa mikono. Kibanda chake kiliinama upande, naye akiulizwa husema, "Nimekijenga mwenyewe, mlitarajia nini?"

Basi Sultani wa mji huo alikuwa na karakana yake, na kila kifaa kilichotoka humo kilipigwa mhuri kwa chuma cha moto. Akatoa amri kwamba gari lolote lisitengenezwe ila kwa vifaa vyenye mhuri huo. Likitiwa kingine, dhamana ya karakana juu ya gari hilo imekufa, na fundi atachomewa zana zake. Amri ikaandikwa kwenye ubao wa mvule, ikapigwa mhuri kila mstari, ikapigiliwa misumari mlangoni pa Mbwarahaji. Ikawa watu wanangoja kigingi kimoja mwezi mzima, na Mbwarahaji analala na njaa.

Siku moja Sultani akawa anakwenda kumwoza binti yake mji wa pili, gurudumu la gari lake likachomoka mbele ya kibanda kile. Kigingi kinacholizuia lisichomoke kilikuwa kimekatika, na karakana iko mwendo wa nusu siku nyuma.

"Ewe fundi," akasema Sultani, "litengeneze sasa hivi. Lakini amri ni amri: kisiingie kipande kisicho na mhuri wangu. Ukishindwa, zana zako zitachomwa."

Mbwarahaji akazitazama zana zake, maana ndizo riziki yake. "Labeka, Maulana. Umempata fundi mbaya kuliko wote, na kwa sababu ya amri yako hakuna mwingine aliyebaki."

Akaugeukia mlango wake, akang'oa ubao wa amri, akajigonga kidole gumba kwa nyundo, akalia kidogo, kisha akaupasua na kuuchonga. Kikatoka kigingi chenye mhuri waziwazi. Akakipachika, gurudumu likatulia.

Waziri aliyefuatana na Sultani akapiga kelele, "Ameivunja amri!"

"Nimeitii, bwana. Mlitaka chenye mhuri, nami sina kingine. Mkiitaka amri irudi mlangoni, kichomoeni, kisha twendeni harusini kwa miguu."

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Tangu niitoe amri hii," akasema, "leo ndipo imemfikisha mtu aendako." Akaifuta palepale: kila fundi atengeneze, kila mchongaji achonge, na dhamana isife.

Haukupita mwezi, mafundi sita wakafungua kazi njia ile ile, na wote, naam wote, wakamshinda Mbwarahaji. Sultani alipopita tena akamkuta amekaa bure, akamwonea huruma. "Nikutolee amri mpya, utengeneze wewe peke yako?"

Mbwarahaji akaitamani amri hiyo, na msimulizi anaona haya kusema kwa kiasi gani. Kisha akainamisha kichwa.

"Hapana, Maulana. Gari langu mwenyewe liko kwa fundi Mwana Esha, kibanda cha tatu kushoto, nami nataka lipone."