Maziwa ya Shangazi na Taa ya Njano

Ndugu zangu wa kundi hili, kabla hamjaanza kurushiana picha za maua na salamu za asubuhi, someni kwanza kisa hiki. Kisha mtumieni yeyote mwenye kazi ya kusema "huyu apite, yule arudi." Wako wengi, na baadhi yao wamo humu humu.

Huko milimani Rungwe, ambako wakati wa kipupwe ukungu hung'ang'ania mpaka saa mbili, palikuwa na kituo cha ushirika cha kukusanya maziwa. Mpimaji wake aliitwa Ambokile. Alikuwa amesomea kazi yake, koti lake jeupe halikuwa na doa, na hakuna ndoo iliyoingia bila kupitia mikononi mwake.

Kupima kwenyewe hakukuwa na uchawi. Huchota maziwa kidogo, akayatia kwenye chupa ya kioo, akadondoshea dawa isiyo na rangi. Juu ya chupa husimama mrija mrefu wa kioo wenye mistari, umejaa maji ya soda kali, si ile ya chupa ya dukani. Hufungua koki, soda ikadondoka tone kwa tone huku akitikisa chupa, mpaka maziwa yageuke pinki hafifu, pinki ya ukucha wa mtoto mchanga. Hapo hufunga koki na kusoma mrija. Maziwa yaliyochacha hunywa soda nyingi kabla ya kugeuka. Kwa hiyo soda ikishuka chini ya mstari mwekundu, maziwa yamekataliwa.

Na hakupima mara moja. Alipima mara tatu, na vipimo vikikubaliana ndipo alipotamka hukumu. Watu walimheshimu kwa hilo, naye akajiheshimu zaidi.

"Kipimo hakina shangazi," alipenda kusema.

Na alimaanisha! Msimu ule wa baridi alimkatalia maziwa Bi Subilaga, dada wa baba yake, mama aliyemlea tangu alipofiwa na mzazi na kumsomesha kwa maziwa ya ng'ombe hao hao. Alimkatalia mara ya kwanza, watu wakanong'ona. Alimkatalia mara ya pili, wakampongeza. "Huyu ndiye mpimaji," walisema. "Hata damu yake haioni."

Sasa, katiba ya ushirika ilisema mfugaji akikataliwa mara tatu ndani ya msimu mmoja, anatolewa. Na mlimani kote hapakuwa na mnunuzi mwingine. Ng'ombe utamkamua, halafu maziwa umpe nani? Wafugaji wengine wawili watatu walikuwa wameshatolewa msimu ule ule. Walibeba ndoo zao wakaenda kimya, kwa sababu nani atabishana na koti jeupe?

Bi Subilaga hakuwa mtu wa kwenda kimya.

"Shangazi, osha ndoo zako vizuri," Ambokile alimwambia siku ile ya pili.

"Mwanangu, ndoo naziosha tangu wewe hujaota meno. Na kila siku mimi ndiye wa kwanza kufika hapa, kuku bado wamelala. Maziwa yangu yanachachia wapi?"

"Nimepima mara tatu, shangazi. Vipimo vyote vimekubaliana."

"Sawa baba. Kesho nitakuletea maziwa ambayo hayajaiona ndoo yangu."

Alfajiri iliyofuata alifika wa kwanza kama kawaida yake, giza bado limetanda. Lakini hakubeba kitu kichwani. Alikuwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba alikuwa ng'ombe wake, Kidosho, anatoa mvuke puani. Nyuma yao alikuja Mzee Mwaisaka, mwenyekiti wa ushirika, amejifunga blanketi, amebembelezwa kutoka kitandani aje kushuhudia.

"Nipe chombo chako mwenyewe," Bi Subilaga alimwambia Ambokile. "Ulichokiosha wewe. Maziwa yangu kama yamechacha, basi yamechachia kwenye kiwele!"

Wachache waliokwisha kufika walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Ambokile hakucheka. Aliwasha globu iliyoning'inia juu ya meza, akatoa chombo safi, shangazi akakamua pale pale mlangoni. Maziwa yalikuwa bado ya moto.

Moyo wa Ambokile ulimwomba yapite. Tusimsingizie, alimpenda yule mama kuliko koti lake. Alifungua koki, akatikisa, akakodoa macho akisubiri pinki. Soda ikashuka, ikavuka mstari mwekundu. Akarudia, ikavuka. Akarudia tena, ikavuka pale pale.

"Mara tatu," alisema, akifunga koki. "Nisamehe shangazi. Yamekataliwa."

Eh! Hapo pakawa na zogo. Bi Subilaga akapiga kofi mezani. "Mwenyekiti, uliona ng'ombe gani anazaa mtindi?" Mzee Mwaisaka akasema katiba ni katiba. Mwingine akasema ng'ombe karogwa. Wengine wakaendelea kufika na ndoo zao, kila aliyefika akasimuliwa upya aliyokosa kuyaona. Kidosho mwenyewe alikuwa amekwisha kula nusu ya mgomba wa kituo.

Walibishana mpaka ukungu ukafunguka na jua likaingia kwa dirisha la mashariki, likatandaza mwanga mezani.

Ambokile alikuwa ameudhika. Hakuna aliyewahi kukitilia shaka kipimo chake namna ile. "Tulieni!" alisema. "Nitapima mara moja ya mwisho, maziwa yale yale, mbele ya macho yenu wote. Baada ya hapo sitaki kusikia neno."

Akafungua koki. Soda ikadondoka, na mapema kabisa, mbali juu ya mstari mwekundu, maziwa yakageuka pinki.

Watu wakaisogelea meza. Hata Kidosho aliacha kutafuna.

"Kampendelea shangazi yake!" alipaza sauti Kabuje, mfugaji aliyejulikana kwa jambo moja tu, kufika wa mwisho. Maziwa yake hayakuwahi kukataliwa hata siku moja.

Ambokile akarudia. Pinki, mapema vile vile. Akarudia tena, ikawa hivyo hivyo. Jasho likamtoka na baridi yote ile. Maziwa yakikaa mezani huzidi kuchacha. Hayajawahi kurudi kuwa mabichi. Soda ilikuwa ile ile, mrija ule ule, mkono ule ule. Ni nini kilichobadilika?

Akainua macho. Globu bado ilikuwa inawaka, njano, dhaifu, imesahaulika katikati ya mwanga wa jua.

Akaichukua ile chupa yenye pinki, akaingia stoo, chumba kisicho na dirisha chenye globu kama ile. Akafunga mlango, akawasha taa. Pinki haikuonekana. Umanjano wa taa ulikuwa umeimeza yote, maziwa yakaonekana meupe kana kwamba hayajagusa soda. Akafungua mlango, akatoka nayo juani, pinki ikarudi.

"Mwenyekiti, njoo uone," alisema.

Mzee Mwaisaka aliingia stoo na chupa, akatoka, akaingia, akatoka. Mara ya tatu alivua kofia.

"Watu wangu," Ambokile aliwaambia wote, bila kujificha nyuma ya neno lolote, "maziwa hayakuwa na kosa. Kosa ni langu. Kipupwe hiki, anayefika kabla ya jua nimempima kwa taa ambayo haionyeshi pinki. Nimekuwa nikimwaga soda mpaka pinki ikolee ndipo niione. Na kwa kuwa nilikosea namna moja kila mara, vipimo vilikubaliana, nami nikadhani vinasema kweli."

Bi Subilaga alimtazama sana. "Kwa hiyo baba, kosa langu lilikuwa kuwahi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Ningekuwa mvivu kama Kabuje, maziwa yangu yangekuwa mazuri?"

"Ndiyo, shangazi."

Kabuje akanyoosha kola yake. "Si niliwaambia siku zote? Haraka haraka haina baraka." Watu wakamzomea huku wakicheka.

Ambokile alipiga magoti palepale mbele ya shangazi yake, koti jeupe likagusa matope. Alikuwa analia, wala hakujifuta.

Yule mama hakuipokea samahani ile haraka. Alifungua kamba ya Kidosho, akaizungusha mkononi, kisha akasema:

"Inuka. Mimi nilikuwa na mdomo, ndiyo maana leo niko hapa. Nenda kawaite wale walioondoka kimya."

Akainuka, akazima ile taa, akaanza kupanda mlima kwenda nyumba ya kwanza.

Funzo: Kosa lililorudiwa mara tatu halijawa kweli. Wewe mwenye kupima wenzako, haki haiishii kwenye kutopendelea. Kabla ya kumkataa mtu, kagua kwanza taa unayomtazamia.