Nusu Tatu Katika Chungu Kimoja

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani maana kalenda ilikuwa haijazaliwa, wanyama walikuwa na nyumba, majiko na majirani wambea kama sisi. Na walikuwa na mchezo wao, wakiuita boga.

Mnaujua? Hamuujui. Basi tulieni. Wewe wa nyuma, toa kidole puani usikilize.

Timu mbili, wachezaji kumi na watatu huku, kumi na watatu kule. Mmoja analibana boga kwapani, anakimbia nalo kwenye mstari wa wapinzani. Wapinzani wanamrukia. Puu! Chini. Anainuka, anasukuma tena. Puu! Mkiangushwa mara sita, boga mnawapa wenzenu. Mkilifikisha ng'ambo ya mstari na kulilaza chini bila kupasuka, mmepata. Ukitoka na meno yako yote, unamshukuru Mungu.

Wachezaji walilipwa chakula. Hapo ndipo palipoleta vurugu. Timu ya Mtoni, iliyoongozwa na Bwana Fisi, ilikuwa na maghala yaliyojaa mpaka panya wanachagua. Walikuwa wakipika vyungu kumi, na kila mchezaji mwenye nguvu anahamia kwao. Timu nyingine zilibaki na konokono na mgonjwa wa kikohozi. Watazamaji wakachoka. Nani ataacha kazi zake aende kumtazama Tembo akimkanyaga Konokono?

Ndipo wanyama wakakaa kikao, wakatunga Sheria ya Chungu. Kila timu chungu kimoja tu, cha kipimo kimoja. Kikiwa bado kibichi, Mzee Kobe, ambaye ndiye mwamuzi, anakikanyaga ubavuni aache alama ya wayo wake. Chungu kisicho na wayo ni haramu. Timu ikikamatwa nacho inafungiwa msimu mzima, na mchezaji aliyekionja, hata kwa ncha ya ulimi, naye anafungiwa.

Na msimu ulianza hivi: Alhamisi moja baada ya mavuno, jua likishavuka utosi, tonge la kwanza utakalomeza ndilo mkataba wako. Ukila Mtoni, wewe ni wa Mtoni. Hakuna cha "nilidhani" wala "nilisahau".

Sasa, juu ya kilima cha mawe palikuwa na timu ya Kokoto. Wadogo kumi: Pimbi, Kindi, Kanga na wenzao. Mdogo kuliko wote, na mpishi wao, alikuwa Bi Nguchiro, mama mwenye mkia kama ufagio na macho yasiyotulia. Juu ya hao kumi walikuwa na majabali matatu: Kifaru, Nyati na Mbuni.

Msifikiri Kokoto waliwanunua. Kifaru alifika kwao akichechemea, Bi Nguchiro akamkanda goti kwa majani ya moto mwezi mzima. Nyati alikuwa amefukuzwa na kundi lake. Na Mbuni, maskini, ndege wenzake walikuwa wakimcheka kwamba ana mabawa ya pambo. Kokoto wakawaambia karibuni. Mwaka uliofuata, wakachukua kombe.

Ukichukua kombe, jirani anakujua jina.

Jumatatu moja Kifaru aliingia jikoni akakohoa. Bi Nguchiro alikuwa anapepeta mtama.

"Bi Nguchiro, msimu ujao naomba nusu chungu."

"Nusu chungu! Wewe peke yako, kaka Kifaru?"

"Bwana Fisi kaniahidi Mtoni. Kanikaribisha Alhamisi adhuhuri. Ila usimwambie mtu, ni siri."

"Midomo nimeitia kufuli," akasema Bi Nguchiro.

Kifaru akatoka. Nyati akaingia.

"Dada, mimi bila nusu chungu sikai. Bwana Fisi kanialika Alhamisi alasiri. Siri, lakini."

"Siri," akasema Bi Nguchiro.

Nyati hajafika uwani, Mbuni akachomoza shingo dirishani. "Shoga yangu! Unajua nakupenda. Lakini nusu chungu ni nusu chungu. Fisi kasema niende Alhamisi jua likizama. Usinitangaze!"

"Mimi? Nikutangaze? Ila shoga, nikupe siri ya mpishi. Jua likizama utakuta ukoko. Nenda adhuhuri."

Kisha Bi Nguchiro akamkimbilia Nyati mpaka nje, akamnong'oneza hayo hayo.

Alipobaki peke yake, ungo ukamponyoka mikononi. Aliogopa, wanangu, aliogopa kwelikweli. Timu isiyotimiza wachezaji kumi na watatu ilikuwa inafutwa, na uwanja wake anapewa jirani. Jirani ndiye Fisi. Pale uwanjani ndipo Kokoto walipozaliwa, na pembeni yake ndipo nyumba zao zilipo.

"Tumekwisha," akasema Pimbi alipoambiwa.

"Hatujaisha. Hebu niambie, chungu kimoja kina nusu ngapi?"

"Mbili."

"Fisi kaahidi nusu tatu. Na wachezaji wake wa siku zote wanakula nini, upepo?"

Pimbi akakodoa macho. "Ana chungu kingine!"

"Tena kikubwa. Na wale majabali wetu wakikionja, wamefungiwa. Wakila kile halali, wamehama. Kwa hiyo Alhamisi wasimeze kitu."

"Kifaru asimeze? Aaa wapi! Kifaru anameza mpaka maneno."

"Basi tumshibishe kwanza," akasema Bi Nguchiro. "Lakini Pimbi, hiyo itatugharimu sisi wadogo."

Akamweleza. Pimbi akashika tumbo lake, akasema, "Sawa. Nitawaambia wenzangu."

Jumatatu hiyo hiyo Bi Nguchiro akaenda kwa Mzee Kobe, akamkuta anakunywa uji.

"Shikamoo, mzee. Naomba Alhamisi adhuhuri uwe uwani kwa Bwana Fisi. Kuna chungu cha kutazama."

"Marahaba. Alhamisi?" Kobe akaweka bakuli chini. "Basi nitoke sasa hivi nisije nikachelewa."

Akatoka. Uji akauacha.

Alhamisi asubuhi, Kokoto wakaandaa karamu ya kufunga msimu uliokwisha. Mabaki yote ya mtama wa msimu uliopita, kunde zote, karanga zote, vikaingia chunguni. Majabali watatu wakakaa mkekani, wakaona haya kidogo, halafu harufu ya karanga ikaifukuza haya.

"Kuleni, ndugu zetu, kuleni," akasema Kindi. "Sisi tulishakula."

Walikula. Chamu, chamu, chamu! Kifaru akalamba chungu mpaka kikang'aa. Mbuni alikula hadi mtu angeweza kuona matonge yakishuka foleni shingoni mwake.

Kisha kila mmoja akaaga kivyake, akapita njia yake ya uchochoroni. Bi Nguchiro akapita ya mkato.

Adhuhuri, mbele ya lango la Bwana Fisi:

"Ala! Nyati! Unafanya nini hapa?"

"Nimepita tu. Na wewe, Kifaru?"

"Na mimi nimepita tu."

"Jamani, hamjambo," akasema Mbuni akitokea nyuma ya ua. "Mimi nimepita."

"Na mimi," akasema Bi Nguchiro, "nimewasindikiza wapita njia."

Lango likafunguka. Fisi alipowaona wanne mahali alipotegemea mmoja, kicheko chake kikakwama kooni. "Hii hii... hi? Karibuni. Wote?"

Wakaingia uwani. Jikoni kulikuwa na chungu kimoja, chenye wayo wa Kobe ubavuni. Kifaru akakitazama. Nyati akakitazama. Mbuni akawatazama wenzake, kisha akamtazama Fisi kwa jicho la pembeni.

"Bwana Fisi," akasema Mbuni polepole, "nusu yangu ni ipi hapo?"

"Nusu yako?" akauliza Nyati. "Na yangu je?"

Bi Nguchiro akaingia kati, sauti laini kama samli. "Jamani, msimwaibishe mwenye nyumba. Hana. Watu husema Mtoni matajiri, Mtoni matajiri, kumbe chungu kimoja tu kama sisi wa mawe. Ni umaskini, si kosa lake. Bwana Fisi, wagawie wawili, wa tatu arudi na njaa yake."

Lo! Angemtukana mama yake ingekuwa afadhali.

"Sina? Mimi sina?" Fisi akafura. "Mimi niliyelisha timu nzima ya tembo!" Akaruka kwenye lundo la majani makavu. Parakacha, parakacha! Akatoa chungu cha pili, kikubwa kama pipa. Akatafuta pa kukiweka. Kivulini palikuwa na jiwe zuri la mviringo, akakitua hapo. Akarudi akatoa cha tatu. "Haya! Nusu, nusu, nusu! Kuleni! Tonge moja tu, mnitilie sahihi tumboni."

Harufu ya kunde ikajaa uwani. Bi Nguchiro, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana, akameza mate.

"Beuu," akasema Kifaru. "Bwana Fisi, samahani. Nimeshiba mpaka puani."

"Nimejaa mpaka hapa," akasema Mbuni, akionyesha chini ya mdomo. Na kwake hapo ni mbali.

Fisi akakata tonge kwenye chungu cha pili, akamfuata Nyati. "Kaka Nyati, wewe una adabu. Mgeni hakatai chakula cha mwenyeji. Tonge moja. Aaa, fungua!"

Sasa Nyati, kwa bahati mbaya, kweli alikuwa na adabu. Alilelewa vizuri. Tumbo lilisema hapana, lakini malezi yalisema ndiyo. Akafungua mdomo.

Bi Nguchiro akaligeukia jiwe la kivulini. Kimya. Akasikiliza vizuri. Khrrr. Khrrr. Jiwe lilikuwa linakoroma!

Tonge likakaribia. Bi Nguchiro akaruka, akaona kimkia kimechungulia chini ya jiwe, akakifinya kwa nguvu zake zote.

"Uwiii!" likalia jiwe. Chungu kikayumba, mwaa! Kunde zikamwagika hadi kwenye miguu ya Fisi, naye tonge likamtoka mkononi. Nyati akafunga mdomo.

"Nani kanifinya?" akauliza Mzee Kobe akitoa kichwa. "Na nani kanitwika chungu? Nimetembea siku tatu, nikapumzika kidogo, naamka nimekuwa figa!"

"Shi... shikamoo, mzee," akasema Fisi.

Kobe hakuitikia. Akakizunguka kile chungu polepole, na alipokuwa akizunguka hakuna aliyethubutu kupumua, na Kobe kuzunguka chungu si jambo la haraka. "Wayo wangu uko wapi?"

"Moshi umeufuta, mzee."

"Na cha tatu nacho moshi?"

Fisi akacheka peke yake, hii hii, akaacha.

"Mtoni mmefungiwa msimu mzima," akasema Kobe. "Na ninyi watatu, toeni ndimi."

Wakatoa. Kobe akazikagua mmoja mmoja. Ulimi wa Nyati ulikuwa unatetemeka, lakini ulikuwa safi.

"Mmeponea chupuchupu. Nendeni zenu mkale mnakotaka."

Wakashika njia ya kilimani. Majabali watatu nyuma, Bi Nguchiro mbele.

"Dada," akasema Nyati mwishowe, "ile karamu ya asubuhi..."

"Ilikuwa ya kuwaziba midomo. Nisameheni. Msingenisikiliza."

"Tusingekusikiliza," akakiri Kifaru.

Mbuni akasimama ghafla. "Shoga. Chungu kizima tulikula sisi watatu. Wadogo walikula saa ngapi?"

Bi Nguchiro akaendelea kutembea.

Walipofika kilimani jua lilikuwa linaelekea magharibi. Wadogo walikuwa wamejilaza juu ya mawe, lakini uwanja ulikuwa umefagiwa na mistari yake imechorwa upya kwa majivu. Mistari yote, tena kwa matumbo matupu.

Kindi akajiinua kwa kiwiko. "Mmerudi! Poleni na safari. Mmekula?"

Tumbo la Pimbi likajibu kabla yao. Nguruuu.

Basi Kifaru akalia. Kifaru akilia, wanangu, si machozi, ni mafuriko. "Tulikuwa tunawaacha," akasema, "na ninyi mnatuuliza tumekula!"

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Kuna watu walinipa chakula chao nikiwa mdogo wakaniambia wameshakula, na nikawaamini. Haya, tuendelee.

Ghala lilikuwa na mtama mpya wa msimu, usioguswa kabla ya adhuhuri ile, na mpishi hakuwapo. Wadogo hawakuwa na nguvu ya kunyanyua hata mwiko, kwa hiyo Nyati akateka maji, Mbuni akatwanga, na Kifaru, bingwa wa boga wa nchi nzima, akapiga magoti akapuliza moto mpaka majivu yakamjaa usoni. Wakakitenga chungu katikati, wadogo wakanawishwa mikono.

"Anzeni," akasema Bi Nguchiro. "Tonge la kwanza ni mkataba. Nusu nusu siwezi kuwapa, mnajua wenyewe."

"Robo," akasema Nyati. "Kila mmoja wetu robo, na robo ya nne yenu nyote kumi. Nyasi za kuongezea zimejaa mlimani, na Mzee Kobe hazipimi."

"Leo hata robo sitaki," akasema Kifaru. Akanyoosha mkono wake mkubwa kama mlango, akamega tonge dogo kuliko tonge la Kindi, dogo kama punje ya kunde. Akalishika mbele ya wote walione. "Ahsanteni," akasema, akalimeza. Nyati akafuata, na Mbuni akafuata.

Kisha wakakisukuma chungu chote mbele ya wadogo, wakakaa kuwatazama wakila.

Mcheza kwao hutunzwa, na aliyetunzwa ashukuru angali anaona mikono iliyompa.