Siwa Iliyongoja Mtoto wa Kiume

Hapo zamani, katika mji ambao watu wake wote wameshatangulia mbele ya haki, alikuwako Sultani Badi na mkewe, Bibi Mwanashee. Desturi ya jumba lao ilikuwa kupuliza siwa, lile pembe kubwa la kifalme, azaliwapo mtoto wa kiume. Basi wakazaliwa mabinti saba, na siwa ikabaki ukutani. Mtu akimwuliza Sultani, "Maulana, una watoto wangapi?" hujibu, "Bado sijapata." Ikawa kwa kuwa hakuwahesabu aliopewa na Mola, kila mara alitaka mwingine.

Uzazi wa saba nusura umchukue Bibi Mwanashee. Mkunga akaonya, "Wa nane ataondoka na mama yake." Sultani hakusikia. Akamwita Mbwarali, fukara mwenye kanzu moja, ambaye watu walimwita mjinga na bado wakamwendea kwa shauri.

"Nipe dawa nipate mtoto wa kiume, ama uhame mji huu."

"Dawa ipo, Maulana, nayo huanza kwa baba. Kesho, mchana kutwa, usile kilichotoka kwa jike, wala usihudumiwe na mwanamke. Na dume lisichinjwe, maana dume ni tunu."

"Jambo jepesi hilo!"

Asubuhi Mbwarali akaleta sinia. Sultani kufunua kawa, akaona maua matupu ya mpapai.

"Papai li wapi?"

"Huo mpapai dume, Maulana. Kazi yake kuchanua tu."

"Lete maziwa!"

"Fahali amekataa kukamwa. Tazama alivyonipasua kanzu."

"Mayai basi, ewe mwehu!"

"Jogoo nimembembeleza tangu alfajiri. Anawika tu."

"Walau mkate!"

"Wanaume wote wa jumba wanatafuta unga ulipowekwa."

Adhuhuri tumbo la Sultani likanguruma hata walinzi wakageuka. Mara akaingia binti mkubwa, Mwanakheri, na bakuli la uji.

"Baba, kunywa. Utaanguka."

Sultani akamtazama Mbwarali. "Nikinywa, dawa imeharibika?"

"Ukinywa, Maulana, umepona."

Sultani akacheka hata machozi, akanywa, akaramba na bakuli. Akaamuru Bibi Mwanashee apumzike, asizae tena, na siwa ipulizwe mara saba. Ya kwanza ilitoa vumbi la miaka mingi, likamjaa Sultani ndevuni. Mbwarali akavikwa kanzu mpya. Na tangu siku ile, Sultani akiulizwa ana watoto wangapi, hujibu, "Saba, alhamdulillahi."