Filamu ya Uso Mmoja

Palikuwa na Sultani, jina lake Mwinyimvua, aliyependa kutazamwa kuliko kutazama. Siku moja akapata habari kwamba chini ya duka la halua pana ghala, na humo fukara aitwaye Msellem huonyesha sinema za majaribio: hazina kisa, hazina nyimbo na, tuseme kweli, hazina watazamaji. Filamu yake ya mwisho ilikuwa saa nzima ya birika lililo jikoni. Walihudhuria saba: wanne walikimbia jua, wawili walipotea njia, na wa saba alikuwa Msellem mwenyewe, ambaye alisinzia kabla maji hayajachemka.

Sultani akamwita.

"Nasikia katika sinema zako wamo watu wa kila namna."

"Wamo, Maulana. Nilitumaini wakijiona watakuja kutazama. Hawakuja."

"Basi nitengenezee filamu. Watu wote wa mji wangu wawemo, wa kila kabila na kila kazi. Ila uso utakaoonekana ni wangu peke yangu. Una siku saba. Ukishindwa, kamera itavunjwa na ghala litajazwa mchanga."

Msellem alirudi ghalani. Hapakuwa na kazi nyingine duniani aliyoifanya vibaya kwa mapenzi makubwa kiasi kile. Siku ya kwanza aliwaza. Ya pili alilala, akidai bado anawaza. Kuanzia ya tatu hadi ya sita, kamera haikuonekana mkononi mwake.

Siku ya saba, alasiri, Sultani aliteremka ghalani pamoja na Kadhi. Shuka jeupe likatundikwa, taa ikazimwa. Kwanza yakatokea matundu mawili ya pua, mapana kama milango ya forodha. Kisha upara. Kisha mdomo ukitafuna, ukitafuna. Mwisho, kwa kitambo kirefu, mtu mwenye kilemba aliyelala kitini, udenda ukimtoka.

"Simamisha. Pua hizi za nani?"

"Zako, Maulana. Ndivyo wanavyokuona hamali wanaokubeba."

"Na upara?"

"Kinyozi wako."

"Na mlafi yule?"

"Hapo kamera alishika mpishi wako, Bi Mwanakheri. Alitaka kuendelea, mkanda ukaisha."

"Na huyu anayekoroma?"

"Hapo walishika kwa zamu wote waliokuja barazani kwako na mashtaka: Wangazija, Wamakonde, Washihiri, wavuja jasho na wenye maduka. Muda walikuwa nao."

"Nilisema wawemo."

"Wamo. Picha inatikisika kwa mikono yao. Nyuso zao ulizikataza, Maulana. Macho yao hukuyataja."

Sultani akamgeukia Kadhi. Kadhi alitazama shuka, kisha akatazama sakafu.

"Sharti limetimia," alisema polepole, kwani naye alikuwa amepata zamu yake ya kushika kamera.

Sultani akamgeukia Msellem. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Msellem, katika mji huu mzima hakuna hata mmoja anionaye mzuri?"

"Yupo mmoja, Maulana. Ila hakuweza kushika kamera, maana alikuwa ndani ya picha."