Siku Dubu Alipogombea Umeya

Paukwa.
— Pakawa.
Palikuwa na mji.
— Ukajaa.
Palikuwa na mkubwa.
— Akashiba.
Na mdogo je?
— Tuambie wewe.

Haya, sogeeni. Mji wenyewe ulikuwa Amerika, mji mkubwa, una maghorofa marefu hata ukiyatazama shingo inakuuma. Watu wa mji ule walikuwa na meya wao, na wanyama walikuwa na wao. Kazi ya meya wa wanyama ilikuwa moja tu, kugawa mapipa ya taka. Pipa hili la panya, pipa lile la paka, mabaki ya sokoni ya njiwa. Kila mmoja akala, siku zikaenda.

Mwaka mmoja meya wao, Bata Bukini, akaruka kwenda kusini kukimbia baridi, na hakurudi tena. Kiti kikakaa wazi mpaka majani yakaanza kupukutika. Ikabidi uchaguzi.

Dubu akashuka kutoka milimani. Akasema, "Kiti hicho changu."

Wagombea wengine walikuwa wawili. Wakayatazama makucha ya Dubu, wakajitoa siku ile ile.

Hata hivyo Dubu hakutulia. Akapita kuomba kura. Akafika kwa Panya, kwenye reli ya chini ya ardhi. Gu, gu, gu.

"Utasimama nyuma ya nani?"

"Nyuma yako, mzee."

Akala jibini yote ya Panya, akaondoka. Akafika kwa Njiwa, kwenye dari la stesheni. Gu, gu, gu.

"Utasimama nyuma ya nani?"

"Nyuma yako, mzee."

Akala mahindi yote ya Njiwa, akaondoka. Akafika kwa Kindi, kwenye mti wa bustani ya mji. Gu, gu, gu.

Sasa huyu Kindi alikuwa na watoto wanne na shimo moja la njugu, akiba ya miezi yote ya theluji.

"Utasimama nyuma ya nani?"

"Nyuma yako, mzee."

Dubu akatia mkono shimoni. Kacha, kacha, kacha. Njugu zikaisha. Akajifuta mdomo, akasema, "Nikiwa meya, mapipa yote yatakuwa yangu. Mambo ya kugawa-gawa yananichosha." Akaenda zake.

Kindi akalitazama shimo. Akawatazama watoto. Hakulia, maana machozi hayatafunwi. Akakaa tawini akifikiri mpaka mkia ukamfa ganzi.

Kesho yake Dubu akatangaza masharti. "Sitaki karatasi. Karatasi inaficha mtu. Tutapiga kura ya mlolongo, nimwone kila mmoja kwa macho yangu. Mlolongo ni wa aliye mbele. Na atakayetoka kwenye mlolongo atatupwa mtoni."

Kindi akasikia. Akarudia polepole: mlolongo ni wa aliye mbele. Akashuka mtini, akaenda kwa Rakuni. Rakuni ni mnyama mwenye duara nyeusi machoni na vidole kama vya mtu, hakuna kifuniko kinachomshinda.

"Ndugu yangu," Kindi akasema, "lile pipa la hoteli ya samaki, lenye kufuli, unaliweza?"

"Naliweza. Lakini Dubu atanusa."

"Ndiyo ninachotaka. Siku ya kura, Kobe msimamizi akianza kuhesabu, lifungue."

Kutoka hapo akaenda kwa Dubu. "Mzee, mimi mdogo. Nikisimama nyuma ya Farasi wa polisi sitaonekana. Niweke karibu nawe, wote waone kwamba hata Kindi yuko na Dubu."

Dubu akapenda. "Utasimama wa pili," akasema.

Siku ikafika. Mlolongo ulianzia bustanini ukaishia darajani. Mbele Dubu, nyuma yake Kindi, nyuma yake Panya, halafu wengine wote. Msimamizi alikuwa Kobe, kwa sababu Kobe hakosei hesabu. Hakosei, ila hana haraka. Akaanzia mkiani. Tapu, tapu. "Mmoja." Tapu, tapu. "Wawili."

Jua likapanda. Dubu akauliza, "Umefika wapi?"

"Thelathini na saba."

Mara upepo ukaleta harufu ya samaki. Dubu akameza mate. "Sasa umefika wapi?"

"Thelathini na tisa."

Harufu ikazidi. Tumbo la Dubu likanguruma, nguruu, mpaka Kindi akalisikia kwenye nyayo zake. Dubu akavumilia kidogo, akashindwa. Akainama, akanong'ona, "Kindi, nishikie nafasi."

"Nitakushikia, mzee."

Dubu akaondoka, bidi, bidi, bidi, akatumbukiza kichwa pipani.

Kindi akasogea hatua moja. Akasimama. Kobe akahesabu mpaka akafika. "Mia tatu na kumi na mmoja. Na aliye mbele ni Kindi. Meya ni Kindi."

Dubu akarudi, mkia wa samaki umening'inia mdomoni. "Hiyo nafasi yangu."

"Mlolongo ni wa aliye mbele," Kobe akasema. "Maneno yako."

Dubu akanguruma madirisha yakatikisika. "Tawanyikeni! Tokeni kwenye mlolongo!"

Hakuna aliyetoka. Panya akasema kwa adabu, "Tungetoka, mzee, lakini ulisema atakayetoka atatupwa mtoni. Mpaka sasa aliyetoka ni mmoja."

Wanyama mia tatu wakageuza vichwa, wakamtazama. Farasi akapiga kwato chini, ko. Dubu akautazama mlolongo mpaka darajani, akautazama mto. Akasema ana usingizi, wakati wa baridi umekaribia. Akarudi milimani.

Kindi akagawa mapipa jioni ile ile. Watoto wake wakala. Kisha akatoa amri yake ya kwanza kama meya: uchaguzi ujao utakuwa wa karatasi. Hakutaka mtu asimame nyuma yake karibu namna ile.

Ngano yangu imekoma hapo. Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda aiache mlangoni, kesho nitaiokota.

Na funzo lake, ukimuuliza Dubu, ni hili, watoto: mbele ni pa wakubwa. Mdogo akae mahali alipowekwa, asisogee hata hatua moja.