Ukweli Uliofungiwa Sandukuni

Mtu mmoja alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu za maji, katika mji mdogo ulio juu ya bonde la vitunguu. Jina lake Kasiano. Mikono yake ilikuwa mizuri. Aliweza kuisikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua, akakuambia ilipo shida kabla hajashika spana. Ulimi wake ndio uliokuwa na maradhi. Ulishindwa kutamka maneno mawili: "sijui" na "bado". Mteja akiuliza, Kasiano alijibu kwamba kazi iko hatua za mwisho, hata kama mashine haikuwa imeguswa tangu iliposhushwa kwenye baiskeli. Hakuwa mtu mbaya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, na katika mji ule fundi aliyesema hajui alimtazama mteja wake akivuka barabara.

Wateja nao walikuwa na maradhi yao. Katika bonde lile hapakuwa na mtu aliyewahi kuharibu mashine. Hakuna aliyeiangusha, hakuna aliyesahau kuweka oili, hakuna aliyemwazima shemeji. Mashine zote zilizima zenyewe. Ukiwasikiliza wakieleza, ungedhani pampu za kule zina huzuni fulani inayozifanya zijiue. Kasiano aliwajua na wao walimjua, wakaishi hivyo miaka mingi kwa amani: wao wakificha ilivyoanza, yeye akificha itakavyokwisha.

Habari zikafika wilayani. Ikaitishwa semina ya siku mbili kuhusu Mawasiliano Bora Baina ya Mtoa Huduma na Mteja. Siku ya kwanza mtoa mada alizungumza. Siku ya pili aliwasomea yale aliyozungumza siku ya kwanza. Kulikuwa na chai, maandazi na vyeti. Mteja hakuwepo hata mmoja, kwa kuwa fungu lililopitishwa lilikuwa la watoa huduma peke yao. Mwisho kila karakana ikapewa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa fomu ya kupokelea mashine, yenye sehemu A mpaka D, na ile D, ya maelezo ya fundi kwa mteja, ilikuwa nyuma ya karatasi. Mteja alitakiwa kutia sahihi siku anapoleta mashine, yaani kabla fundi hajawa na la kumwambia. Cha pili kilikuwa sanduku la maoni, la mbao, limepakwa rangi ya buluu na kuandikwa MAONI YAKO NI MUHIMU. Lilikuwa na kufuli. Ili maoni yasichezewe, ufunguo ulikaa kwa Afisa Biashara, na sanduku lilifunguliwa mara moja kila robo ya mwaka, mbele ya kamati ya watu watano.

Sasa bondeni kulikuwa na mkulima aitwaye Gaudensi, na mkewe Remijia. Walikuwa na ekari moja na nusu ya vitunguu, na mwaka wao wote ulikuwa umelala katika ekari ile: chakula cha nyumba, bati za paa, na nafasi ya binti yao katika chuo cha uuguzi, ambayo isingemngoja mwaka wa pili. Vitunguu vilikuwa vimefika wakati ule ambapo kichwa kinaanza kujaa chini ya udongo. Wakati huo kitunguu hakisamehe. Kinataka maji kila siku ya tano, kikikosa kinafunga hesabu yake na kubaki kilivyo.

Asubuhi moja Gaudensi aliiweka pampu kwenye ukingo wenye utelezi, hakuifunga kwenye kigingi, akaenda kubishana na jirani habari za mpira. Pampu ikatetemeka kidogo kidogo mpaka mtoni, ikiwa bado inaunguruma, ikanywa maji na mchanga. Aliitoa. Aliianika juu ya bati siku mbili. Kisha akafanya jambo ambalo watu wa bonde lile tu ndio wangelifanya. Alimwaga ile oili iliyogeuka rangi ya uji, akatia mpya, akaifuta mashine nzima kwa shati lake na mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Watu wengine humwogesha mgonjwa na kumvisha vizuri kabla ya kumpeleka hospitali, ili wasiaibike. Daktari akapokea mtu msafi, asiye na hata alama ya kilichompata.

"Imekuwaje, kaka?" Kasiano aliuliza.

"Imezima tu yenyewe, fundi."

"Haikuanguka?"

"Ianguke wapi? Hii nalala nayo ndani. Mama watoto ana wivu nayo."

Walicheka wote wawili. Gaudensi akatia sahihi kwenye fomu, akaambiwa aje kesho.

Alikuja kesho, na kesho yake, na kila alipokuja kazi ilikuwa hatua za mwisho. Lakini siku ya tatu dhamiri ilimwamka. Alitoka nyumbani akiwa ameazimia kusema. Alikuta wateja wanne wamekaa kwenye benchi, watu wanaomfahamu, na mmoja wao alikuwa yule jirani wa mpira. Angesemaje mbele yao? Macho yake yakaangukia lile sanduku. Akaomba karatasi, akajikunyata pembeni, akaandika: "Fundi, pampu ilizama mtoni ikiwa inawaka. Mchanga umeingia. Oili nimebadilisha mimi ili usijue. Usiiwashe mpaka uifungue yote. Samahani. Gaudensi." Akaikunja, akaitumbukiza. Kifua chake kikawa chepesi. Alirudi bondeni akipiga mluzi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Kasiano alimwona akitumbukiza. Alidhani ni malalamiko kuhusu kuchelewa, akasema moyoni kwamba yatasomwa na wanaohusika.

Kule bondeni majirani walimwuliza Gaudensi kama wampangie zamu kwenye pampu zao. Walikuwa tayari; kila mmoja angempa nusu siku. Akawaambia wasijisumbue, yake inarudi kesho. Alisema hivyo siku nne mfululizo, wakaacha kuuliza. Remijia alikuwa akienda shambani jioni, anafukua kitunguu kimoja kwa kidole, anakitazama, anakifukia tena. Hakusema kitu. Naye alikuwa mtu wa bonde lile.

Siku ya nane Kasiano akaifungua pampu, kwa juu juu. Katika kabureta alikuta tope kidogo, akalaumu petroli ya kwenye chupa za barabarani. Alisafisha, akabadilisha plagi, akavuta kamba. Ikawaka. Lakini sikio lake halikuridhika. Kulikuwa na mlio chini kabisa, kama mtu anayesaga meno usingizini. Alielewa kwamba ndani kuna kitu, hakuelewa ni nini. Kuifungua yote kulitaka beringi na gasketi alizokuwa hana, za kuagizwa mjini, labda wiki. Je, amwambie Gaudensi kwamba hajui, tena baada ya siku nane za hatua za mwisho? Alitazama ng'ambo ya barabara. Kisha akachukua fomu, akaigeuza, akaandika katika sehemu D kwa mwandiko safi: "Ina mlio ndani, sababu bado sijaijua. Isiendeshwe zaidi ya nusu saa mpaka ifunguliwe." Akagonga muhuri. Naye kifua chake kikawa chepesi.

Gaudensi alipofika, walisimama wametenganishwa na pampu tu.

"Umeona kila kitu, fundi?" aliuliza Gaudensi, akitazama chini.

"Nimeona. Karatasi yako hii hapa, kila kitu kimo."

"Basi hakuna neno."

"Hakuna neno kabisa, kaka. Msalimie shemeji."

Gaudensi aliikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Aliuona muhuri, na katika maisha yake karatasi yenye muhuri ilikuwa kitu cha kutunza, si cha kusoma.

Shamba lilikuwa halijaonja maji kwa siku ya kumi na moja. Aliiwasha pampu alfajiri, akaiacha iungurume. Maji yalipanda, yakaingia kwenye tuta la kwanza, la pili, la tatu, na udongo ukatoa ile harufu yake. Remijia alisimama miguu mitupu katikati ya mfereji akicheka peke yake. Kabla ya saa tatu mlio ukabadilika. Kitu ndani kikakatika, kikatoboa ubavu wa injini, na pampu ikanyamaza moja kwa moja, huku oili mpya ikichuruzika kwenye mchanga.

Majirani walikuwa wameshagawana zamu zote. Remijia na binti yake waliteka maji kwa ndoo siku tatu, wakaokoa matuta mawili yaliyo karibu na mto. Mengine jua liliyamaliza. Walipochimba, vitunguu vilikuwa sawa na gololi za watoto. Muda wa chuo ukapita wakiwa bado shambani wanachimba.

Gaudensi alimfuata Kasiano akiwa amebeba ile mashine begani. Nyuma yake alikuja Remijia na kikapu.

"Nilikuandikia!" alifoka Gaudensi. "Nilikuandikia isiwashwe!"

"Wapi? Mimi ndiye niliyekuandikia! Toa karatasi yako mfukoni!"

Aliitoa. Ilikuwa imelowa jasho, lakini sehemu D ilisomeka. Wote wakageuka kulitazama sanduku la buluu, na Kasiano akaeleza habari za ufunguo. Wakaenda kwa Afisa Biashara. Afisa aliwasikiliza kwa upole, akawaambia anawaelewa sana, ila robo ya mwaka haijaisha. Ilipoisha akawaambia akidi ya kamati haijatimia, kwa kuwa mjumbe mmoja amehamishwa. Mwezi uliofuata akidi ikatimia, wajumbe wakaja karakanani, kufuli likafunguliwa. Ndani kulikuwa na karatasi moja tu. Afisa aliisoma kwa sauti, akaomba na ile ya fundi, akaziweka pamoja mezani, akazipenda. Katika taarifa yake aliandika kwamba mawasiliano kati ya mteja na mtoa huduma yalifanyika kwa wakati, kwa maandishi, na kwa uwazi wa hali ya juu. Nasikia wilaya ile ilipata cheti.

Wanaume wale wawili walibaki wakizitazama zile karatasi. Kila mmoja alisoma ya mwenzake mara mbili. Hapakuwa na uongo hata wa herufi moja. Kasiano akakohoa, Gaudensi akajifuta uso, na ungeweza kuona kwamba wanaanza kusameheana, kila mmoja akijiona ameshatakaswa na mwandiko wake mwenyewe. Ndipo Remijia, aliyekuja tena na kikapu chake, akakiweka juu ya zile karatasi. Kilikuwa kimejaa gololi zile.

"Haya, nyote ni watu wakweli, nimesikia," alisema. "Sasa nipeni vitunguu vyangu."

Afisa alifunga faili. Sanduku likarudishiwa kufuli lake, na lipo mpaka leo, rangi imepauka kidogo.

Mnaguna, na baadhi yenu mnatabasamu, kwa sababu hamna pampu. Lakini kati yenu yupo aliyemweleza Mungu kwa machozi jambo ambalo mkewe, anayelala ubavuni mwake, hajalisikia. Yupo aliyeuandika ukweli katika wosia, usomwe akiwa hayupo. Yupo aliyeusema kikaoni, kwa muhtasari, mbele ya wote isipokuwa yule mmoja. Wote mmelala vizuri tangu siku hiyo. Basi niambieni: ule ukweli mliokwisha kuutoa vifuani mwenu, mliuweka kwenye sanduku gani, ufunguo anao nani, na ni shamba la nani linalokauka likisubiri robo ya mwaka iishe?